Kalamu, Kibodi na Mkono wa Mtahiniwa: Lini Mwanafunzi Aruhusiwe Kuchapa Majibu ya Mtihani

Karatasi nyingi za mtihani wa taifa wa kidato cha nne huchukua saa tatu. Katika saa hizo mtahiniwa hupimwa Historia, Biolojia au Kiswahili, lakini pamoja na hayo hupimwa jambo lisilotajwa katika muhtasari wa somo lolote, nalo ni uwezo wa mkono wake kushika kalamu bila kukoma. Kwa walio wengi kipimo hicho cha pili hakina uzito. Mkono huchoka, hunyooshwa, kazi huendelea. Kwa wachache ndicho kinachoamua alama zote. Mwanafunzi anajua jibu, analo kichwani tangu dakika ya kwanza, ila karatasi inakusanywa ikiwa na nusu ukurasa.

Himo ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Moshi kwenda Holili mpakani, mahali inapochepuka njia ya Marangu na Rombo. Wazazi wa huko na wa vijiji vya juu huwaleta watoto wa namna hii kliniki kwa malalamiko yanayofanana: mtoto ni mvivu wa kuandika, daftari lake ni chafu, mwalimu anasema ana akili lakini hataki. Neno «hataki» ndilo linalopaswa kumshtua mhudumu wa afya. Mara nyingi nyuma yake kuna neva, msuli, ngozi iliyoungua au jicho ambalo halijawahi kuchunguzwa.

Kuandika kwa mkono ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote anazofanya mwanadamu kwa vidole. Bega na kiwiko lazima vitulie ili kiganja kipate pa kuegemea. Kifundo kiinuke kidogo. Vidole vitatu vibane kalamu kwa nguvu ya kadiri, isiyozidi wala kupungua. Mkono wa pili uzuie karatasi isiteleze. Macho yafuate mstari. Na ubongo upange maumbo ya herufi huku ukitafuta neno linalofuata. Ikikatika sehemu moja ya mnyororo huo, mwandiko huharibika au kasi hupungua. Kuchapa kwenye kibodi kunahitaji machache zaidi. Herufi imekwisha kuumbwa. Kazi iliyobaki ni kuifikia na kuibonyeza. Kwa sababu hiyo mkono ulioshindwa kalamu unaweza kuimudu kibodi, ingawa si kila mkono, na hapo ndipo uchunguzi wa kitabibu unapohitajika.

Mtindio wa ubongo hutokana na madhara yaliyoupata ubongo ungali unakua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya siku za mwanzo yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na sababu nyinginezo. Ugonjwa huu una sura nyingi. Mtoto aliyekakamaa upande mmoja wa mwili huwa na mkono mmoja mzima, na tatizo lake la kwanza darasani huenda likawa karatasi inayokimbia. Kabla ya kuzungumzia kompyuta, apewe ubao wenye kibanio au gundi ya karatasi ya kushikiza pembe za daftari. Mtoto mwenye mshiko dhaifu aongezewe unene wa kalamu kwa kipande cha kandambili kilichotobolewa katikati, au kwa kuizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Vifaa hivi havigharimu kitu, na wapo ambao mahitaji yao huishia hapo. Daktari anayeandika «apewe kompyuta» bila kujaribu kandambili amewahi mno.

Mwenye mtindio wa aina ya mikono inayojipinda na kurukaruka bila hiari ni hali nyingine kabisa. Kwake kalamu haitawaliki, lakini hata kibodi ya kawaida humponyoka, kwa kuwa kidole hugusa vitufe vitatu kwa pamoja. Dawa yake ni kifuniko kigumu cha plastiki au ubao mwembamba kilichotobolewa tundu juu ya kila kitufe. Kiganja hulala juu yake na kidole huzama katika tundu moja tu. Aidha, kompyuta zenyewe zina mpangilio wa kupuuza kitufe kilichoguswa kwa bahati mbaya au kilichobonyezwa mara mbili. Mpangilio huo umo katika kompyuta karibu zote na hauhitaji kununuliwa, ila watumiaji wengi hawajawahi kuufungua.

Kisha wapo wavulana wenye ugonjwa wa kurithi wa misuli unaoitwa Duchenne. Hawa kwa kawaida huacha kutembea wakikaribia au wakipita kidogo umri wa miaka 12, na wanapofika kidato cha nne mabega yao hayainuki tena. Jambo ambalo walimu wengi, na baadhi ya waganga, hawalitambui ni kwamba vidole hubaki na uhai muda mrefu baada ya bega kufa ganzi ya nguvu. Kijana asiyeweza kuinua kikombe mpaka kinywani anaweza kuchapa, mradi mikono yake iegemezwe na kibodi iwe ndogo, kwa maana kibodi kubwa humlazimu kuutupa mkono mbali. Inashangaza kuona mtu akitafutiwa kibodi kubwa kwa hisani, kumbe hiyo ndiyo inayomzuia.

Majeraha ya moto yana hesabu yake. Uji, maji ya moto na moto wa jikoni huacha makovu yanayovuta vidole vikajikunja kuelekea kiganjani. Kovu la namna hiyo linaweza kufunguliwa kwa upasuaji, na kwa mkoa wa Kilimanjaro hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo kimbilio la wengi. Lakini tarehe ya upasuaji ipangwe kwa kuangalia kalenda ya shule. Mkono uliofunguliwa mwezi wa tisa utakuwa bado kwenye kibao na mazoezi wakati mtihani wa mwezi wa kumi na moja unapoanza. Wazazi hufurahi kupata nafasi ya upasuaji na hawataki kuipoteza. Ni wajibu wa mhudumu wa afya kuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Ndivyo ilivyo pia kwa ajali za mashine za kukatia majani ya ng'ombe, chombo ambacho watoto wa kaya zinazofuga ndani hukitumia bila kinga.

Lipo kundi ambalo mkono wake hauna kovu wala ukakamavu, nalo ndilo linaloonewa zaidi. Disgrafia na disleksia ni matatizo ya ubongo katika kuandika na kusoma, yasiyotokana na upungufu wa akili. Kwa Kiswahili, lugha ambayo kila herufi hutamkwa karibu sawasawa na inavyoandikwa, disleksia hujificha: mtoto husoma sahihi lakini polepole, naye huvuka shule ya msingi akihesabiwa kuwa mzito tu. Anapoingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza na tahajia haifuati sauti, ukuta huanguka. Mtoto huyu kibodi humsaidia kwa kiasi: mwandiko wake utasomeka, na ataweza kurekebisha sentensi bila kufutafuta. Haitamfundisha tahajia.

Sasa tutazame utaratibu uliopo. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huwaelekeza wasimamizi kuwapa watahiniwa wasioona mitihani ya nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa karatasi ya saa tatu hiyo ni saa nzima katika Hisabati na nusu saa kwingineko. Ni nafuu ya kweli na wazazi wanapaswa kuifahamu, maana wapo wasioijua mpaka mtihani unapokwisha.

Hata hivyo muda ni dawa ya mtu aliye mwepesi wa kuchelewa, si ya mtu anayechoka. Tofauti hii ni ya kitabibu na haionekani kwa macho ya msimamizi. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, akipewa nusu saa zaidi, ataitumia kusoma. Mwanafunzi mwenye udhaifu wa misuli, akipewa nusu saa zaidi, anaongezewa nusu saa ya kazi ileile iliyomshinda. Dakika yake ya 150 haina thamani ya dakika yake ya 20. Kumpa muda bila kubadili namna ya kuandika ni kumwongezea mchovu safari.

Nafuu nyingine ni mwandishi, yaani mtu anayeandika kile mtahiniwa anachokitamka. Kwa wengine hii ndiyo njia pekee. Lakini kutamka insha ni ustadi wa peke yake, usiofanana na kuandika: mtahiniwa hulazimika kushikilia sentensi nzima kichwani, hawezi kuiona na kuipanga upya, tena hufikiri kwa sauti mbele ya mtu mzima. Mwenye mtindio wa ubongo aghalabu ana shida ya usemi pia, na mwandishi asiyemzoea atasikia nusu. Kibodi humrudishia mtahiniwa upweke wa kufikiri ambao wenzake wote wanao.

Wanaosema kwamba kuchapa ni jambo geni katika mitihani yetu wamesahau wasioona. Mtahiniwa asiyeona anayetumia mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, anabonyeza vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Hashiki kalamu hata mara moja. Kwa maneno mengine anachapa, na amekuwa akichapa miaka yote hiyo katika shule kama Mwereni ya Moshi, ambako watoto wasioona na wenye ualbino husoma pamoja na wenzao. Wala si ajabu, kwa kuwa mashine za kuchapia zenyewe zina asili katika ulemavu: mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilitengenezwa Italia mwanzoni mwa karne ya 19 na Pellegrino Turri kwa ajili ya mwanamke asiyeona, na barua alizochapa, ya zamani zaidi ikiwa ya mwaka 1808, zingalipo. Anayetafuta hoja ya kisheria ataikuta katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyokuja mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaodai marekebisho ya kadiri katika elimu.

Je, basi wanafunzi wote waruhusiwe? Finland ilianza kuhamishia mtihani wake wa kumaliza sekondari kwenye kompyuta mwaka 2016, ikakamilisha mwaka 2019. Kompyuta huwashwa kwa kifaa kidogo kinachofungia nje kila kitu kisichohusika na mtihani. Huko kila mwanafunzi ana kompyuta. Hapa mwanafunzi wa shule ya kata asiyewahi kuchapa sentensi mbili angewekwa sawa na yule wa mjini mwenye kompyuta mpakato nyumbani. Utafiti uliofanyika Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanafunzi waliozoea kompyuta walifanya vizuri zaidi walipochapa kuliko walipoandika kwa kalamu. Maana yake ni kwamba chombo hupima mazoea pamoja na maarifa. Kwa sasa haki iko katika kumruhusu mwenye hitaji lililothibitishwa. Uingereza, ambako kompyuta hazikosekani, hufuata njia hiyohiyo: mtahiniwa huruhusiwa kuchapa ikiwa ndiyo namna yake ya kawaida ya kufanya kazi darasani na analo hitaji, si kwa sababu anapenda tu, na programu ya kusahihisha tahajia huzimwa.

Madarasa ya chini yasiguswe kabisa. Uchunguzi wa ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma umeonyesha kwamba kuchora herufi kwa mkono huamsha sehemu za ubongo zinazotumika kusomea kuliko kuibonyeza herufi hiyo. Mtoto mwenye ulemavu naye afundishwe kuchora herufi, hata kama ni kubwa na zimepinda, hata kama ni kwa kidole mchangani, kabla ya kukabidhiwa kibodi.

Kinachoharibu maombi mengi ni karatasi ya daktari. «Ana tatizo la mkono wa kulia, asaidiwe» ni maneno yasiyomsaidia mwalimu mkuu, Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri wala Baraza. Karatasi inayofaa hueleza mkono unafanya nini na haufanyi nini: jina la ugonjwa, ni wa kudumu au wa muda, mtahiniwa huandika maneno mangapi yanayosomeka kwa dakika, hudumu dakika ngapi kabla ya maumivu au kutetemeka, nafuu ipi imejaribiwa na matokeo yake, na tangu lini anaitumia. Hayo yanaweza kupimwa hata katika zahanati isiyo na vifaa. Mwanafunzi apewe mada nyepesi, aandike kwa kalamu dakika 10, na mhudumu ahesabu maneno yanayosomeka. Siku nyingine apewe mada ya uzito uleule achape dakika 10. Halafu, na hii ndiyo sehemu inayorukwa, apimwe tena akiwa amekwisha kuandika dakika 40 mfululizo. Anayeanza na maneno 12 kwa dakika na kumaliza na manne ana ushahidi ambao hakuna picha ya eksirei inayoweza kuutoa. Ikiwa kuchapa hakumzidishii kitu, asiombewe kuchapa. Pale penye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, fani inayofundishwa hapo hapo KCMC, kipimo hiki ni chake kwa haki, na mgonjwa apelekwe kwake mapema.

Mapema ni lini? Kijana anayechapa kwa kidole kimoja akitafuta kila herufi ataandika polepole kuliko alivyokuwa akiandika kwa kalamu mbovu. Mwaka mmoja wa mazoezi ya kila siku, dakika 20 hivi, ni kiasi cha chini. Miwili ni bora. Kwa hiyo uamuzi ufanyike kidato cha pili, si mwezi wa nane wa kidato cha nne. Mzazi wa Himo asiye na kompyuta asikate tamaa kwa hilo. Mji una steshenari ambako barua na mikataba huchapwa kutwa, na mwenye duka hukubali mara nyingi mtoto akalie mashine saa za jioni kwa malipo madogo. (Mtoto mmoja mdogo akisikia kwamba «atachapa» mtihani huenda akaingiwa na hofu, kwa kuwa neno hilo shuleni lina maana nyingine yenye fimbo, aelezwe.)

Chumba cha mtihani kina mahitaji yake, na Baraza lina haki ya kuyadai. Kompyuta isiwe na intaneti wala mafaili ya mtu, na programu ya tahajia izimwe. Mtahiniwa akae chumba cha peke yake ili mlio wa vitufe usiwaudhi wengine, majibu yachapishwe mbele ya msimamizi, na yatiwe namba ya mtihani kama yale ya wenzake. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye betri nzima inaweza kudumu karatasi nzima. Ya mezani haiwezi. Msahihishaji naye aelekezwe. Imeonekana katika tafiti za Marekani kwamba insha iliyochapwa hupewa alama pungufu kidogo kuliko insha ileile iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu makosa hujitokeza wazi zaidi na ukurasa huonekana mfupi. Mwanafunzi aliyeondolewa kikwazo kimoja asiwekewe kingine gizani.

Yapo masomo ambayo kibodi ni mzigo. Hisabati yenye sehemu na vipeo, milinganyo ya Kemia, mchoro wa moyo katika Biolojia, ramani ya Jiografia: haya huchukua muda mrefu kuchapwa kuliko kuandikwa, hata kwa mkono mzima. Mtahiniwa anaweza kuchapa maelezo ya Historia siku ya kwanza, akahitaji mwandishi wa kuchora kwa maelekezo yake siku ya pili, na ombi lake litaje kila somo peke yake. Kadhalika maswali ya kuchagua jibu, yaliyo mengi katika mtihani wa darasa la saba, humtaka mtahiniwa asiye na utulivu wa mkono kujaza nafasi ndogo kwa penseli bila kutoka nje. Huyo haombewi kompyuta bali mtu wa kumjazia jibu alilolionyesha.

Mwisho kuna mtahiniwa aliyevunjika mkono wiki mbili kabla ya mtihani, kwa kuanguka kutoka kwenye mparachichi au kwenye bodaboda. Mkono wake umo ndani ya plasta ngumu, na mzazi amesikia kwamba kuna watu wanaoruhusiwa kuchapa. Wiki mbili hazimfundishi mtu kuchapa kwa mkono wa kushoto. Huyu apewe karatasi ya daktari siku ileile ya ajali, ipelekwe shuleni kesho yake asubuhi, na aombewe mwandishi. Naye autumie muda uliobaki kufanya mazoezi ya kutamka majibu kwa sauti, akianza na maswali ya miaka iliyopita.